Moshi wa Sigara, Moshi wa Chupani: Bango Moja Haliwezi Kazi Tatu

Karakana ninayoifahamu kuliko zote hapa Moshi ni ya mbao. Ina mashine mbili za kupasulia na randa moja kubwa, na ukutani, karibu na mlango wa stoo, pana bango la bati lenye maandishi mekundu: MARUFUKU SIGARA, POMBE NA MADAWA YA KULEVYA. KWA AMRI YA UONGOZI. Nilifanya kazi pale miaka kadhaa, nikaishia kuwa mwakilishi wa usalama na afya, cheo ambacho wenzangu walikigeuza kuwa "polisi wa glavu". Kila jioni mfagiaji alizoa vipisi vya sigara chini ya bango lile lile. Hapakuwa na sehemu nyingine yenye kivuli.

Uongozi uliotoa amri ulikuwa mtu mmoja, bosi wetu, naye alivuta akiwa ofisini huku dirisha limefunguliwa kidogo. Jumamosi, tukishapakia mzigo mkubwa, fomeni alituletea kreti la bia kwa pesa ya bosi. Nasema hivi bila kinyongo, kwa sababu karakana nyingi za mji huu na za Unga Limited kule Arusha zinaendeshwa vivyo hivyo. Bango linasema lake, Jumamosi inasema lake.

Nimelifikiria bango lile kwa muda mrefu, na naona kosa lake halikuwa ukali wala ulegevu. Limefunga mambo matatu yasiyofanana katika kamba moja. Ukiwa na sigara, swali ni unavutia wapi. Ukiwa na pombe, swali ni umekunywa saa ngapi. Ukija kwenye dawa za kulevya, swali ni kitu gani hicho, maana vingine ukikutwa navyo tu tayari ni kesi, hata kama kazi yako inakwenda vizuri. Kiwanda kinachouliza swali moja kwa yote matatu kitapata majibu mawili ya uongo.

Lugha yenyewe haitusaidii. Neno "moshi" ni moshi wa sigara, ni jina la mji wetu, na ni pombe pia. Sheria ya mwaka 1966 inayohusu utengenezaji wa pombe za kukeneka inaiita pombe hiyo Moshi, ile ambayo mtaani tunaiita gongo, piwa au machozi ya simba. Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kushitakiwa Moshi kwa kukutwa na moshi, na asiwe amewasha hata kiberiti.

Nianze na ule wa sigara, ndio mwepesi kuliko yote. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 ilizuia uvutaji katika maeneo ya umma, ila ikaacha nafasi ya kutenga sehemu maalumu za kuvutia. Miaka minne baadaye, 2007, Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na miongozo ya mkataba huo imekwenda mbali zaidi: ndani ya jengo, hakuna feni wala chumba cha pembeni kinachomkinga asiyevuta. Moshi hauna adabu ya kubaki kwenye kona uliyoupangia. Shirika hilo linakadiria kuwa kila mwaka watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa duniani kwa sababu ya moshi wa wenzao.

Kwenye karakana ya mbao kuna jambo la pili ambalo halihusiani na mapafu. Vumbi laini la mbao likiwa hewani hushika moto kama mafuta, na stoo yetu ilikuwa na tina na vanishi. "Sehemu maalumu" tuliyokuwa nayo ilikuwa hatua nne kutoka kwenye mlango huo. Ndiyo maana nasema swali la sigara ni la mahali: ukishahamisha kivuli, umemaliza nusu ya kazi. Tulijenga kibanda cha mabati upande wa pili wa uwanja, tukaweka benchi na debe la mchanga. Mfagiaji ndiye aliyeshukuru wa kwanza.

Nusu iliyobaki ni saa za mapumziko. Nikotini huisha haraka mwilini, nusu yake ikiwa imeondoka ndani ya saa mbili hivi, ndiyo sababu mvutaji mzito akinyimwa nafasi asubuhi nzima huanza kugombana na kila anayempita. Ukimwacha atoke anapotaka, wasiovuta watahesabu dakika zake, na wana haki. Tuliweka mapumziko mawili ya dakika kumi kwa wote, avutaye avute, asiyevuta anywe chai. Kuhusu ugoro wa mlinzi wetu, mzee wa Kimasai aliyeutunza kwenye kikopo kidogo cha plastiki, nilikataa kufanya mkutano. Ugoro ni tumbaku na nikotini yake ni ile ile, una madhara kwa mwenyewe, ila haumfukizi mwenzake wala hauchomi stoo. Kuna vita za kuchagua.

Pombe ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu karibu hakuna mtu anayekunywa kazini. Ukiwauliza mafundi, wataapa, nao hawadanganyi. Wanakunywa Jumapili.

Anayeijua Moshi anajua Jumapili ninayoisema. Misa, kisha kipaimara cha mtoto wa dada, kisha mbege kwa mzee fulani Kibosho au Old Moshi, kisha kushuka mjini na bia za kuagana. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na magome ya msesewe yanayoipa ule uchungu wake. Si pombe kali, lakini kata ya kunywea haina lebo, na kila mama ana mkono wake. Mtu akikuambia alikunywa "kata tatu tu", hujaambiwa chochote unachoweza kukipigia hesabu. Bia unaweza.

Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa sita, amejaza damu yake kiasi cha kufikia miligramu 250 kwa kila mililita 100 za damu, tukihesabu kana kwamba ini halijaanza kazi. Ini huanza mara moja, lakini halina haraka: kwa wastani linapunguza miligramu 15 hivi kila saa. Sasa mtu huyo alifungua chupa ya kwanza saa mbili usiku. Saa kumi na mbili asubuhi, anapopiga kiki pikipiki yake, ini limeshafanya kazi saa kumi na limeondoa 150. Bado anazo 100. Kiwango ambacho sheria ya usalama barabarani inamkataza dereva kukizidi ni 80. Damu yake itakuwa safi kabisa saa saba kasoro mchana, wakati ameshasimama mbele ya msumeno tangu saa moja na nusu. Miili inatofautiana, na mwanamke wa uzito ule ule kwa kawaida hufikia kiwango cha juu zaidi, lakini umbo la hesabu ndilo hilo.

Mtu huyu alilala usingizi wake. Ameoga. Amekunywa mtori, pengine na supu ya utumbo juu yake, na kahawa, kwani tuko kwenye mji wa kahawa. Vyote hivyo vinamfanya ajisikie vizuri na hakuna hata kimoja kinacholisukuma ini. Kahawa inampa mlevi macho makavu, basi. Na akichagua njia ya kuzimua, yaani kichupa kimoja cha asubuhi ili kichwa kitulie, ameongeza gramu juu ya gramu. Viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na kwa kweli mifuko ile ilikuwa balaa, iliingia mfuko wa shati bila kuonekana. Vichupa vidogo bado vinaingia mfuko wa ovaroli.

Kwa madereva wa utalii jambo hili ni zito zaidi. Gari la kwenda Ngorongoro au Serengeti linatoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi, wakati mwingine kabla. Dereva aliyerudi leo jioni kutoka safari ya siku sita, akiwa na bahasha ya bakshishi mfukoni, na kesho asubuhi anaondoka tena, ana usiku mmoja wa kuwa na marafiki zake. Hakuna bango linalomfikia pale kwenye meza. Kinachomfikia ni ratiba: ukimpa siku mbili za kupumzika, hesabu ya ini ina nafasi ya kukamilika.

Ndiyo maana kanuni ya "usinywe kazini" ni dhaifu. Inayofaa inasema ufike ukiwa huna kilevi, kisha inaeleza kitapimwa vipi, na nani, na kwa nani kwanza. Kipima ulevi cha pumzi kina sifa moja kubwa: kinapima hali ya sasa hivi, si ya jana wala juzi. Kumbukeni sifa hiyo, nitairudia.

Kabla ya kipimo, hata hivyo, kuna jambo la aibu kwa waajiri. Pombe nyingi ya mafundi inatoka kazini. Kreti la Jumamosi nimeshalitaja. Kuna mteja anayesema "vijana mmenifurahisha" na kutuma chupa. Kuna vibarua wanaolipwa kwenye baa kwa sababu msimamizi ndipo anapopatikana jioni, na wakishapokea hawawezi kuinuka bila kununua. Kuna zamu ya usiku isiyo na chai. Pale hospitali ya KCMC watafiti wamekuwa wakichunguza kwa miaka uhusiano wa pombe na majeraha ya watu wanaoletwa kitengo cha dharura, na nadhani sehemu ya majibu yao inaanzia mezani kwa wahasibu wetu. Kumlipa kibarua kwa simu kunagharimu makato ya kutuma na kunaokoa vidole.

Sasa dawa za kulevya. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka inayosimamia jambo hili, na mbele yake bangi, mirungi na heroini ni haramu kwa mtu kuwa nazo, awe kazini, nyumbani au njiani. Kwa watu wa kaskazini jina la kutazama ni mirungi, majani ya kutafuna yaitwayo pia gomba. Kule Kenya mirungi inalimwa na kuuzwa kihalali, na Namanga iko mwendo wa saa mbili kutoka Arusha. Upande wetu, milima ya Same imefyekwa mirungi mara kadhaa na Mamlaka hiyo, kama mashamba ya bangi ya Arumeru yalivyofyekwa. Dereva anayevuka mpaka anaweza kula gomba mchana kweupe upande mmoja, na kilomita moja baadaye akawa mhalifu kwa majani yale yale.

Madereva wa malori na wa magari ya usiku hawaitafuni kwa starehe. Wanaitafuna ili wasilale. Kemikali yake kuu, kathinoni, huamsha mwili kwa namna inayofanana na amfetamini, nayo huharibika upesi jani likikauka. Ndiyo sababu mirungi husafirishwa kwa kasi ile inayotisha, imefungwa kwenye majani ya migomba ibaki mbichi. Usingizi uliofukuzwa hauendi mbali. Unarudi ghafla, mara nyingi alfajiri, kwenye barabara iliyonyooka. Mwajiri anayempangia dereva safari mbili mfululizo kisha akamfukuza kwa kutafuna gomba amemfukuza mtu aliyejaribu kutimiza ratiba yake.

Na hapa ndipo nairudia sifa ya kipimo. Waajiri wengi wakisikia "kupima dawa" wanafikiria vijiti vya mkojo vinavyouzwa madukani. Kijiti kikionyesha bangi, kinakuambia kuwa mabaki yake yamo mwilini. Kwa anayevuta mara kwa mara mabaki hayo yanaweza kukaa wiki kadhaa baada ya kuacha. Hakikuambii kama mtu huyo ana kilevi kichwani saa hii. Upande mwingine, vijiti vingi vya kawaida havikutengenezwa kutafuta mirungi. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: kampuni inamnasa kijana aliyevuta bangi likizoni, na inampa funguo za basi mtu aliyekesha na gomba. Vijiti hukosea pia, vikichanganya dawa halali na haramu, kwa hiyo hakuna mtu anayepaswa kupoteza kazi kwa kijiti pekee. Uthibitisho ni wa maabara, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Arusha.

Lipo pia kundi ambalo bango halikulitaja kabisa. Vidonge vya mafua aina ya piriton vinasinzisha. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inalegeza. Fundi wa randa aliyemeza piriton saa moja asubuhi yuko hatarini kuliko aliyekunywa bia moja jana jioni, na hakuna aliyemwambia aseme. Kwenye kanuni zetu mpya tuliandika sentensi moja: ukipewa dawa, muulize mfamasia kama inasinzisha, kisha mwambie fomeni "leo siwezi mashine" bila kulazimika kutaja ugonjwa.

Nilisema mambo matatu. Kuna la nne, nalo nililielewa kwa njia mbaya.

Tulikuwa na fundi mkongwe, tukimwita Meku kwa heshima ya umri wake. Mikono yake ilitetemeka asubuhi mpaka saa nne, kisha inatulia, na hapo hakuna aliyeweza kunyoosha ubao kama yeye. Sote tulijua inatulizwa na nini. Siku moja bosi, kwa nia njema kabisa, alimwita ofisini. "Mzee wangu, shikamoo. Kuanzia leo unaacha. Ukinywa tena, huna kazi." Meku akajibu, "Marahaba mwanangu, nimesikia." Na akaacha, kweli. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alianguka kando ya randa akapatwa na degedege. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa bahati, kwani umeme ulikuwa umekatika.

Daktari alitueleza kile ambacho kila mwajiri angepaswa kukijua kabla ya kutoa amri kama ile. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka umejipanga kuizunguka. Ukiiondoa ghafla, mishipa ya fahamu hubaki imechemka: kutetemeka na jasho vinaanza ndani ya saa chache, degedege linaweza kuja siku ya kwanza au ya pili, na kwa wengine siku ya pili hadi ya nne huleta kuchanganyikiwa kukali kunakoweza kuua. Meku alichelewa kidogo, labda kwa sababu siku ya kwanza alidanganya kidogo. Kuacha kwa namna hiyo kunahitaji hospitali na dawa. Heroini nayo ina tiba yake ya methadoni, ambayo kwa Tanzania Bara ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Nimesikia mabosi wengi wakisema uraibu ni tabia tu. Tabia haimwangushi mtu kwa degedege.

Sheria ya kazi inaujua mpaka huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinatenganisha utovu wa nidhamu na kutomudu kazi kwa sababu ya afya. Dereva aliyekunywa makusudi akijua ana abiria yuko upande wa kwanza. Meku yuko upande wa pili. Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1996 kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini, linasema matatizo haya yashughulikiwe kama maradhi mengine, kwa siri, na kanuni ziwaguse wakubwa na wadogo sawasawa, bila kumnyima mwajiri haki ya kuadhibu kosa la kweli.

Hata kosa likiwa la wazi, karatasi ndizo zinazoamua. Nimeona barua iliyoandikwa "alikuwa amelewa chakari" na hakuna kingine. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako aliyeachishwa ana siku 30 kupeleka malalamiko, maneno hayo hayana uzito. Watu wawili waandike walichokiona: saa ngapi, alitembeaje, alishindwa mara ngapi kuingiza ufunguo kwenye kufuli, pumzi ilinukaje. Apewe barua ya tuhuma na muda wa kujiandaa, kwa kawaida saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Na kabla ya yote hayo muulizeni kama ana kisukari. Sukari ikishuka mtu hutoka jasho, huyumba na kuongea ovyo kama aliyetoka kilabuni, na ukimfungia nje ya geti "apoe" unaweza kumkuta amekufa. Aliyelewa kweli naye asirudishwe nyumbani kwa pikipiki yake mwenyewe. Nauli ya bajaji ni gharama ya kampuni.

Meku alirudi baada ya wiki saba. Hakurudishwa kwenye randa. Alipewa meza ya kunoa misumeno, kazi inayotaka jicho kuliko kasi, na kila Alhamisi anatoka saa nane kwenda kliniki. Bango lilishushwa, likageuzwa, likawa kifuniko cha pipa la maranda. Kreti la Jumamosi lilikuwa mgogoro wa mwezi mzima. Mwishowe likawa nyama choma na soda, na wapo wanaonung'unika mpaka leo kwamba nimewaharibia wikiendi.

Kipima ulevi kilinunuliwa. Makubaliano yaliyosainiwa yanasema kila Jumatatu wanapima wote wanaoshika mashine au usukani, na anayeanza ni bosi, kwani ndiye anayeendesha Fuso kwenda kupokea mbao. Jumatatu ya tatu alipuliza, akakitazama, akakitikisa, akapuliza tena. Fomeni alinyoosha mkono bila kusema neno, akapokea funguo za Fuso, akazitia mfukoni. Bosi alikaa kwenye kile kibanda cha mabati mpaka saa tano, akinywa chai ya rangi, na Meku alikuwa akimpelekea kikombe kingine kila kile kilipoisha.